"Hela ya Kujenga Unatoa Wapi na Wewe Mwanafunzi?" Najibu Kutoka Nairobi

Assalaam aleikum ndugu zangu, habari za huko nyumbani. Tanga hamjambo, Muheza hamjambo, na nyie wa Dar mnaonitazama mkiwa kwenye foleni, poleni na hongereni. Leo sizunguki mjini na wala sipiki. Nimekaa chumbani kwangu hapa Pangani, hii Pangani ya Nairobi, siyo ile yetu ya kule mtoni, na dirisha nimelifunga maana honi za matatu zitatumeza wote.

Nimekaa kwa sababu swali ni lile lile, kila video. Nikiweka video ya darasani, swali hilo. Nikiweka ya safari, swali hilo. "Dada, wewe unasoma, kazi huna, hela ya kujenga unatoa wapi?" Wengine wanauliza kwa wema, nawashukuru. Wengine washajijibu wenyewe: anajidai, kuna mtu anamlipia, mtoto wa kike Nairobi peke yake jamani. Halafu nikieleza ninavyohangaika na karatasi, wale wale wanarudi: "Kila siku kulalamika, si urudi nyumbani?" Nikicheka najidai, nikisema ukweli nalalamika. Sasa naeleza yote kwa mpangilio wangu, na atakayetaka kusikiliza atasikiliza.

Kwanza, nyumba si yangu. Nyumba ni ya mama na sisi watoto wake. Baba alipofariki aliacha boma limefika kwenye lenta, na fremu mbili za biashara pale barabarani. Fremu zina wapangaji, na kodi ya fremu ndiyo inayojenga. Kaka yangu anatia anachopata bandarini, dada yangu mwalimu anatia chake, na mimi ndiye ninayetia kidogo kuliko wote. Kazi yangu ni daftari. Mimi ndiye ninayeandika kilichoingia, kilichotoka, na risiti iko wapi. Mkiniona naonyesha mifuko ya simenti kwenye simu, naonyesha kazi ya familia nzima, siyo utajiri wangu.

Na yule aliyeandika kwamba huku nafanya kazi za kujificha, ndugu yangu, mimi nasomea sheria. Kibali nilichopewa ni cha kusoma, si cha kuajiriwa. Nikikivunja nitaanza vibaya kabla hata sijalivaa joho. Hela ya matumizi natumiwa na nyumbani. Tangu 2015 M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya zinatumiana moja kwa moja, kwa hiyo mama akituma asubuhi inanikuta niko kwenye ngazi za chuo. Lakini kumbukeni shilingi moja ya huku ni kama 20 za kwetu. Mama akituma laki mbili, nyie mnaona laki mbili. Mimi naona elfu kumi, na ndani ya elfu kumi kuna nauli, kuna kuchapisha kesi, kuna umeme wa kununua kidogo kidogo, kuna maji ya mtungi zile siku ambazo bomba halitoi. Sisemi mnionee huruma. Nasema muipige hesabu kabla ya kuandika.

Kuna na hawa wanaouliza, "Nairobi nayo ni ughaibuni?" Umbali si Ulaya, hilo nalijua. Lakini pasi yangu inagongwa muhuri. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavukiana mipaka kwa kitambulisho tu tangu 2014. Sisi hatumo kwenye huo mpango. Mtanzania anakuja na pasi ya kusafiria, na pasi mnajua ni 150,000 kabla hujanunua hata tiketi, na kadi ya homa ya manjano uwe nayo, maana ukirudi nyumbani ukitokea huku utaulizwa. Mimi napita mpakani Horohoro, natokea Lunga Lunga upande wa Kenya, navuka Likoni kwa feri kuingia Mombasa, halafu nakwenda Miritini kuchukua treni mpaka Syokimau, stesheni ya Nairobi. Treni ni nzuri, mkipata nafasi ipandeni, mtapita Tsavo mkitazama tembo dirishani. Ila Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka 1,000 ikawa 1,500, za huku hizo, na kwa mwanafunzi hiyo tofauti ni chakula.

Na kibali cha mwanafunzi. Sitataja ofisi wala chuo, maana sitaki maneno. Barua ya chuo ilirudishwa kwa sababu haina muhuri. Nikarudi chuoni, aliyeshika muhuri yuko likizo. Nikasubiri, muhuri ukapatikana, nikaambiwa barua sasa ina tarehe ya zamani, niandikiwe nyingine. Na wakati huo wote muda niliogongewa mpakani unakwenda. Unalala hulali. Uko darasani mwalimu anafundisha haki za mtu aliyekamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba yao ya 2010, na wewe akili yako iko kwenye pasi. Hicho ndicho kinachonitoa machozi huku, siyo baridi ya Julai wala chakula. Chakula cha huku nakipenda, chapati zao ni nzito na zinashiba.

Sasa twende kwenye lililonikalisha hapa. Nimelizunguka kwa sababu ni la nyumbani, na baba mdogo anaweza kuwa anatazama. Baba mdogo, shikamoo. Ninalosema hapa nimeshakwambia mdomoni.

Baba alipoondoka, kodi ya fremu ilikuwa haina mwenyewe. Mpangaji mmoja akawa anamlipa mama, mwingine anamlipa baba mdogo, maana baba mdogo ndiye aliyemleta. Hakuna aliyekuwa anaiba. Baba mdogo alijenga lile boma na marehemu kaka yake, alibeba tofali kwa mikono yake, akajiona msimamizi. Na mama akajiona msimamizi kwa sababu ni mke. Lakini kisheria hakuna msimamizi wa mirathi mpaka mahakama imteue. Tukakaa kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, tukachukua cheti cha kifo, mama akaenda mahakama ya mwanzo akateuliwa. Baada ya hapo kuna fomu namba 5 ya orodha ya mali, inatakiwa mahakamani ndani ya miezi minne, labda mahakama ikuongezee muda, na kuna fomu namba 6 ya hesabu, inayopelekwa kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Familia nyingi zinaishia kwenye barua ya uteuzi, zinaiweka kabatini na kuona kazi imekwisha. Sisi mimi ndiye niliyewasumbua mpaka zikajazwa, kwa simu, kutoka hapa, usiku baada ya vipindi.

Ujenzi ulipoanza tena, baba mdogo ndiye aliyekuwa anasimamia kwa sababu yuko karibu. Hesabu ilikuwa inakuja kwa WhatsApp, picha ya karatasi ya daftari la shule imepigwa usiku: mchanga tripu mbili, kokoto tripu moja, maji, chakula cha mafundi, halafu chini kabisa, "mengineyo". Na hayo mengineyo yalikuwa yanaizidi kokoto. Nikamuuliza kwa adabu, baba mdogo, mengineyo ni nini? Akanijibu mbele ya kundi zima la familia: "Umekwenda Nairobi kusomea kunishtaki?"

Ndugu zangu, neno hilo liliniuma. Huyu ndiye aliyenipeleka darasa la kwanza kwa baiskeli. Na shangazi zangu wakaingia, kwamba wasomi hawana imani, kwamba kuandikishana ni kwa watu baki. Mama akanyamaza, na mama akinyamaza ujue yuko kwenye mtihani.

Sikumjibu kwenye kundi. Nilimpigia siku ya Ijumaa baada ya swala. Nikamwambia hivi: huku darasani tunasoma mikataba kwa kesi za Uingereza, maana Kenya kwa Sura ya 23 ya sheria zao ndiyo njia waliyoichagua. Kwetu iko tofauti. Sisi tuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, imepangwa kifungu kwa kifungu, imefuata ile ya India ya 1872. Kwa hiyo mimi nasoma ya huku kwa ajili ya mtihani, na usiku nasoma ya kwetu kwa ajili ya maisha, kwa sababu nina nia ya kurudi. Na sheria yetu, kifungu cha 10, inasema makubaliano ya watu wenye akili zao, kwa hiari yao, kwa jambo halali na malipo halali, ni mkataba. Haidai karatasi kwa kila kitu. Ulivyoongea na fundi pale chini ya mwembe tayari ni mkataba, baba mdogo. Karatasi ni ya siku fundi atakaposema aliahidiwa laki nane na wewe unakumbuka laki sita, na baba hayupo wa kuamua.

Alinisikiliza. Hakusema nimeshinda, na mimi sikuwa natafuta ushindi. Akasema, "Haya, andika, nitasoma." Nikaandika kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida. Kazi ni ipi, nani ananunua vifaa, kila hatua inalipwa kiasi gani na inalipwa ikishakaguliwa, kazi inamalizika lini, na ikichelewa kwa mvua inakuwaje. Mashahidi wawili, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaona. Baba mdogo mwenyewe akaongeza jambo nililokuwa sikulifikiria: mabaki ya nondo na mbao ni ya nani. Fundi wengi wanaondoka nayo. Tukaliandika. Na yeye tukampangia posho yake ya usimamizi, ya wazi, kila mwezi, imeandikwa. Tangu hapo mengineyo yamepotea kwenye karatasi zake, na sasa ananipigia yeye kabla sijampigia mimi.

Kwa hiyo wanaouliza natoa wapi hela, kiasi kikubwa cha hela yetu ni hela iliyoacha kupotea. Kodi inaingia akaunti moja, inatoka kwa risiti.

Safari nitazipitia haraka maana nazo zimenipatia maneno. Ile ya Arusha ilikuwa ya darasa. Tulikwenda kwa basi, tukapita Namanga, tukaona Mahakama ya Afrika Mashariki na ile ya Afrika ya Haki za Binadamu, zote ziko Arusha, na Watanzania wengi tunapita pale hatuzijui. Nilifurahi sana siku ile, kwa sababu wenzangu Wakenya ndio waliokuwa wageni, wanatafuta pasi zao kwenye mabegi, na mimi ndiye niliyewaonyesha pa kula. Ya Kampala ilikuwa mashindano ya kesi za mfano, chuo kililipa nauli na malazi, mimi nililipa chakula changu. Hakuna safari niliyoilipia kwa hela ya nyumba. Daftari lipo, kaka yangu analiona.

Sasa ushauri. Naombwa ushauri na mimi naogopa kuutoa, kwa sababu kila familia ina lake. Kama baba yako mdogo ni mtu wa kukasirika mpaka akuvunjie udugu, mimi siwezi kukwambia mpelekee karatasi, wewe ndiye unayemjua. Kama kiwanja ni cha ukoo hakijagawanywa, hadithi yangu haikufai hata kidogo, nenda kamuone wakili wa kweli, mimi bado mwanafunzi. Na anayeuliza aje kusoma sheria Nairobi au abaki, sikushawishi wala sikukatazi. Ujue tu kwamba shahada ya nje utaipeleka TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe, halafu utakwenda Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo pale Dar kama wengine wote, na tangu 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili wakati huku utakuwa umeandika kila kitu kwa Kiingereza. Mimi nilikuja kwa sababu nilipata nafasi na nusu ya ada ikapunguzwa. Bila hilo punguzo nisingekuja.

Kwa sasa tuko kwenye kupaua. Mbao zimeshashushwa, zimefunikwa na turubai, na baba mdogo analala pale pale kuzilinda, Mungu amlipe. Tunachobishana ni bati: kaka anataka za rangi, mama anataka nyeupe za kawaida lakini nene, na mimi niko upande wa mama kwa ajili ya chumvi ya bahari. Wenye nyumba karibu na ufukwe, Raskazone, Mwambani, Kigombe, niandikieni bati zenu ni geji ngapi na zimeanza kushika kutu baada ya miaka mingapi. Na kama kuna mtu ana fundi wa kenchi wa Tanga mjini anayekubali kusaini karatasi kabla ya kupanda juu, aache jina la mtaa wake, baba mdogo atamfuata mwenyewe.