Umeme na Koo Lililoshindwa Kumeza: Mhadhara kwa Wanaouguza Wagonjwa wa Kiharusi, Mombasa

Assalaam aleikum, na habari za jioni nyote mliofika. Wengi wenu mnauguza wazazi waliopatwa na kiharusi, na swali lenu kubwa ni kama mashine ya umeme inayobandikwa shingoni itamrudishia mzee uwezo wa kumeza. Nasema inaweza kumsaidia, mradi awe anafanya mazoezi ya kumeza. Ikitumiwa peke yake, sioni sababu ya kuilipia.

Kumeza tonge moja la wali huhusisha takriban jozi 30 za misuli. Ulimi husukuma chakula nyuma, koromeo huinuka na kwenda mbele, njia ya pumzi hufungwa, kisha mlango wa umio hufunguka, yote hayo kwa muda mfupi mno. Kiharusi huvuruga mpangilio huo kwa karibu nusu ya wagonjwa katika siku za mwanzo. Mtazameni mgonjwa anapokunywa chai: akimeza kisha akasema "alhamdulillahi" kwa sauti iliyolowa, huenda chai ingali juu ya nyuzi za sauti. Wapo pia wasiopaliwa wala kukohoa, na chai huteremka mapafuni bila dalili yoyote hadi homa ya nimonia inapoanza.

Tiba ya umeme ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya vibandiko vya shingoni, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2001 kwa jina la VitalStim. Mkondo wake huifikia kwanza misuli iliyo karibu na ngozi, na hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa misuli iliyo chini ya kidevu huinua koromeo ilhali baadhi ya ile ya chini zaidi hulivuta chini. Mwaka 2007 Christy Ludlow na wenzake walionyesha kwamba, kwa wagonjwa wenye tatizo sugu la kumeza, umeme uliopitishwa wakiwa wametulia uliushusha mfupa unaobeba ulimi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mahali pa kubandika pachaguliwe na mtaalamu, na mgonjwa ameze kwa nguvu wakati mkondo unapita.

Namna ya pili hutumia mrija mwembamba unaopitishwa puani, ambao umeme wake huamsha hisia za koo ili ubongo ujipange upya. Mwaka 1998 Shaheen Hamdy na wenzake walionyesha kwamba kusisimua koo kwa muda mfupi hupanua eneo la ubongo linaloliongoza. Hata hivyo, jaribio kubwa la mwaka 2016 kwa wagonjwa wa kiharusi halikuona tofauti kati ya tiba halisi na ile ya kuigiza. Matokeo yanayonipa matumaini ni ya mwaka 2018, kwa wagonjwa wa kiharusi waliokuwa wakipumua kwa mrija wa shingoni: asilimia 49 ya waliotibiwa walifikia hali ya kuweza kutolewa mrija huo, wakati wenzao wasiotibiwa walikuwa asilimia 9.

Mwaka huohuo, NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ilieleza kwamba vibandiko vya shingoni havina hatari kubwa, na kwamba huenda vikawafaa waliopata kiharusi, ingawa ushahidi bado ni mchache. Kwa wenye maradhi mengine, ilishauri vitumike katika utafiti tu. Kwa hiyo, ndugu mnaomuuguza mtu mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, anayewaahidi uponyaji kwa mashine hii anasema zaidi ya anayoyajua.

Nawasihi pia msichukue kile kimashine cha kutuliza maumivu ya mgongo mkakibandika mbele ya shingo ya mgonjwa. Umeme wake unaweza kulibana koromeo kwa ghafla au kushusha shinikizo la damu, na mwenye kifaa cha moyo yumo hatarini zaidi.

Mwombeni kwanza daktari awaelekeze kwa mtaalamu wa kumeza, apime jinsi mgonjwa anavyomeza uji mzito na maji, kila kimoja peke yake. Hadi hapo, msimlishe mgonjwa akiwa amelala: aketi wima, apewe kijiko kidogo kidogo, na asafishwe kinywa asubuhi na jioni, hata kama analishwa kwa mrija, kwa sababu mate yenye uchafu nayo huingia mapafuni.