Chuo Kikuu Kiketi Barazani

(Mhadhara wa wazi uliotolewa Nairobi mbele ya wanafunzi, wahadhiri na wakazi wa mitaa)

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Wanafunzi na wahadhiri wenzangu, hamjambo. Na ninyi mliotoka Mathare, Mukuru, Kibera na Kariobangi, mkaacha biashara zenu Jumamosi asubuhi ili kuja kunisikiliza, karibuni sana. Nitajitahidi nisiwapotezee muda.

Nianze na kisa cha kitabu. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika ukumbi wa kijamii wa wadi moja ambayo sitaitaja. Lilikuwa baraza la kukusanya maoni kuhusu bajeti. Watu walikuwa kama mia moja, viti vya plastiki vikaisha, vijana wakaegemea ukuta. Nakala za makadirio zilikuwa nne tu, kila moja nene kama tofali, na kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma hakuna neno hata moja la Kiswahili. Nakala moja ikamfikia mama mmoja muuza mboga aliyeketi mbele yangu. Akaifungua, akaitazama, akaifunga, kisha akaipakata kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mgeni. Baadaye akageuka nyuma akamuuliza mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, "Mwanangu, maji yetu yako ukurasa gani?"

Kijana hakujua. Alichukua kitabu, akatafuta kwa muda mrefu, mkutano ukiendelea. Hatimaye akapata mstari mmoja: fedha za kuchimba kisima katika mtaa ule. Akamsomea mama kwa Kiswahili. Mama akacheka kwanza, halafu akasimama. "Kisima hicho kilichimbwa mwaka juzi," akasema. "Kiko nyuma ya kanisa. Hakina pampu."

Ukumbi mzima ukanyamaza. Nimeukumbuka ukimya ule kila ninapoandaa somo. Kijana wangu alijua kusoma jedwali la bajeti lakini hakukijua kisima. Mama alikijua kisima lakini kitabu kilikuwa kimefungwa kwake. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jambo, na nusu hizo mbili zilikutana kwa bahati tu, kwa kuwa viti vyao vilikuwa karibu. Mimi nasema chuo kikuu kina wajibu wa kuhakikisha kwamba nusu hizo hazikutani kwa bahati.

Katiba yetu ya 2010 inaanza kwa kusema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 118 kinalidai Bunge liwashirikishe wananchi, na cha 196 kinayadai mabunge ya kaunti vivyo hivyo. Na kifungu cha 7, ambacho watu hukisahau, kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Sheria hazikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na jirani yake na kumfungulia ukurasa.

Turudi ukumbini. Afisa aliyekuwa akiongoza baraza alikuwa mtu muungwana, akajibu kwa ukweli. Alisema hoja ya mama ni nzuri lakini imechelewa. Wengi walidhani anawafukuza. Hakuwa anawafukuza. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kikomo cha matumizi ya kila idara, hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hufika kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai. Sasa wananchi wengi huitika mwito wa Mei, wakati bajeti inazungumzwa redioni. Wanafika nyumba imeshaezekwa, nao wanaulizwa maoni kuhusu msingi.

Nani anaijua kalenda hii? Wanafunzi wetu wa uchumi wanaijua. Wa sheria wanaijua. Wa mipango ya miji, ninaowafundisha mimi, wanaijua na wanaifanyia mtihani. Wanaandika majibu mazuri, wanapata alama, kisha wanapanda matatu kurudi vyumba vyao vya kupanga, katika mitaa ileile ambayo watu wake hawaijui kalenda hii. Hilo linaniuma. Maarifa yanalala mlango wa tatu kutoka kwa mwenye haja nayo.

Msinielewe kwamba nawaomba wanafunzi waende kuwafundisha watu. Siku ile ile, baada ya baraza, tulikaa nje na kina mama wachache. Wanafunzi wakajaribu kueleza kwamba bajeti ina matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo, na kwamba sheria inataka angalau asilimia 30 iende kwenye maendeleo. Walihangaika, wakachanganya lugha, wakarudi nyuma. Yule mama akawakatiza: "Si mnasema kuna pesa za kula na pesa za kujenga?" Basi. Tangu siku hiyo darasani kwangu ni pesa za kula na pesa za kujenga, na hakuna mwanafunzi aliyezichanganya tena. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Pale aliyepona alikuwa mgeni.

Jambo hili si geni katika jiji hili. Katikati ya miaka ya sabini, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, na Ngũgĩ wa Mirii wa taasisi ya utafiti wa maendeleo ya chuo hicho, walikwenda Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, wakafanya kazi na wakulima na wafanyakazi wa viwandani katika kituo cha elimu ya watu wazima. Walitunga mchezo kwa Kikuyu, wanakijiji wakausahihisha, wakajenga jukwaa kwa mikono yao. Mwaka 1977 kibali cha kuuonyesha kilifutwa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Tujiulize serikali ya wakati ule iliogopa nini. Maprofesa walikuwa wakiandika mambo makali kwa Kiingereza na kuachwa. Kilichotisha ni msomi na mkulima kukaa benchi moja na kusemezana kwa lugha ambayo wote wawili wanaimiliki.

Wangari Maathai naye alikuwa mwenzetu, mhadhiri wa anatomia ya wanyama katika chuo hichohicho. Mwaka 1989, palipokuwa na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, aliandika barua baada ya barua akiuliza maswali. Alitukanwa bungeni. Jumba halikujengwa. Kila Jumapili ninapopita pale na kuona watoto wakikimbia kwenye nyasi, nakumbuka kwamba nyasi zile zilitetewa na mtu aliyejua kuandika barua na akakubali kuiandika.

Nakuja karibu zaidi, Juni 2024. Mtakumbuka jinsi Mswada wa Fedha, ule wa kodi, ulivyosomwa. Vijana, wengi wao wanafunzi au wahitimu wasio na kazi, waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kikuyu, kwa Kijaluo, katika video za simu. Mama mboga akajua ni nini kinachogusa mkate na nini kinachogusa sodo. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Siku moja kabla yake vijana walikuwa wamepigwa risasi katika barabara za jiji hili, na wapo ambao hawakurudi nyumbani. Nilifundisha baadhi ya waliokuwa barabarani. Nasema hili nikiwa na uzito moyoni: kazi ile ya kueleza mswada waliifanya usiku, kwa bando walizonunua wenyewe. Idara yangu haikuwafungulia hata chumba. Tungefungua kumbi zetu mwezi mmoja mapema, tukaita wabunge, wahasibu na wakazi wakaketi pamoja, huenda mambo mengine yangesemwa ukumbini badala ya kusemwa mbele ya bunduki.

Wapo watakaosema chuo kisijiingize katika siasa. Hofu yao ninaielewa. Sisi tuliozaliwa zamani tunakumbuka chuo kufungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Lakini kumsomea mtu bajeti ya wadi yake si kampeni. Kikundi chetu, cha wanafunzi na mimi tunaokwenda mabarazani, kina sharti: hatuvai rangi za chama, hatupandi jukwaa la mgombea, tunasoma kilichoandikwa na tunaandika kilichosemwa. Mwakilishi wadi anayefanya kazi yake hufurahi kutuona. Asiyefurahi hujitambulisha mwenyewe.

Mfano mkubwa tulio nao ni Mukuru, nami nitakaa hapo kidogo. Kwa miaka kadhaa watafiti wa vyuo vikuu, vikiwemo Nairobi na Strathmore, walifanya kazi na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda. Wakapiga hesabu ambayo wakazi walikuwa wakiihisi mifukoni: kwamba mtu wa Mukuru, kwa kununua maji kwa mtungi na umeme kwa mtu wa kati, hulipa zaidi kwa kila kipimo kuliko mtu wa mtaa wenye mabomba. Maskini analipa zaidi kwa huduma mbovu zaidi. Hesabu hiyo ikawa hoja, hoja ikapelekwa mbele, na Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo linalotayarishiwa mpango wake lenyewe.

Sikilizeni ukubwa wake: zaidi ya familia 100,000. Utawaulizaje watu wote hao wanataka nini? Walijipanga kwa vikundi vya nyumba kumi kumi, kila kikundi kikachagua msemaji, wasemaji wakakutana kwa makundi makubwa zaidi, hadi maoni yakafika mezani kwa wataalamu wa maji, afya, ardhi na barabara. Mtaalamu akichora barabara, mkazi anasema hapo panapita mtaro, hapo kuna choo cha watu mia. Ramani ikafutwa, ikachorwa upya. Kwa mwanafunzi wa mipango, wiki moja ya kufutiwa ramani namna hiyo ni sawa na muhula mzima.

Sisemi kila kitu kilikuwa asali. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kupisha barabara, mpango ukiwepo. Karatasi haizuii tingatinga. Lakini wakazi wale walikuwa wamejuana, walikuwa na takwimu zao na walijua mlango wa kugonga. Hilo nalo ni mtaji.

Niseme neno kuhusu dodoso, kwa kuwa naona kina mama wa Kibera wananitazama. Mmehesabiwa mara ngapi? Kila mwaka kijana anakuja na karatasi, anauliza mnakula nini, mnaenda choo wapi, anaandika, anashukuru, anaondoka. Majibu yenu yanakuwa shahada yake. Ninyi hampati hata nakala. Sisi wahadhiri ndio tuliowafundisha hivyo, na mfumo wetu unatulipa hivyo: nikichapisha makala katika jarida linalosomwa na watu arobaini ughaibuni napandishwa cheo, nikikaa barazani Jumamosi ishirini, hakuna kisanduku cha kuziandika. Ninaomba wakuu wetu waliomo humu waongeze kisanduku hicho. Na ninaomba kamati zinazoidhinisha utafiti zimuulize kila mwanafunzi swali moja zaidi: lini utarudi kuwasomea majibu yao?

Nyumbani kwetu pia kuna kazi. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2016 yalileta uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi kwa njia ya wajumbe, badala ya kila mwanafunzi kuwapigia kura moja kwa moja. Sababu zilitolewa, za fujo na hela. Mimi naona tulikosea. Mtu hajifunzi kuogelea kwa kumtuma mjumbe mtoni. Mwaka 2022 vijana walikuwa karibu asilimia 40 tu ya wapiga kura walioandikishwa, katika nchi ambayo vijana ndio umati, na sisi tunashangaa.

Yule mama wa kisima aliniuliza swali siku ile tukiagana. "Hawa watoto, wakimaliza mtihani, watarudi?" Nilimwambia watarudi, na njiani nikaogopa ahadi yangu, maana mpango wa maendeleo wa mwaka hutayarishwa kabla ya Septemba, na wakati huo chuo kilikuwa likizoni. Kati ya wanafunzi thelathini walijitokeza saba. Tulikwenda Agosti. Mama alikuwa amekuja na majirani kumi na wanne, na picha ya kisima kwenye simu yake, kifuniko kimeshika kutu, kuku amesimama juu. Tuliandika maombi ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wote wakatia sahihi, tukapeleka.

Pampu iliingia katika mpango. Fedha zikatengwa. Hadi leo haijafungwa. Jumamosi ijayo tunakwenda kuulizia. Matatu inaondoka hapa langoni saa mbili asubuhi, na viti bado vipo.