Masharti ya Wafadhili na Maji ya Korogwe
(Mhadhara uliotolewa kwa viongozi wa asasi za kiraia, Tanga)

Ndugu zangu wa Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe, asanteni kwa kuja. Nitaanzia panapouma zaidi, kwenye muda.

Masika yakizidi na Mto Pangani ukafurika kule Korogwe, familia iliyokimbilia darasani inahitaji chakula, chandarua na maji safi usiku huohuo. Asasi ya jirani inakijua kila kitongoji, na ina fedha benki. Lakini fedha hizo ni za mradi wa elimu, zimepangwa kifungu kwa kifungu. Kuzihamisha kunataka kibali cha shirika la kati, lile linalopokea fedha kwa mfadhili na kuzigawia asasi ndogo, nalo likamwombe mfadhili. Kibali kinafika maji yameshapungua. Utaratibu umefuatwa wote, na watoto wamelala njaa. Jambo hili linaniumiza sana.

Simlaumu mfadhili kwa kudai hesabu. Fedha ni za walipa kodi, risiti lazima ziwepo. Yapo masharti mengine, hata hivyo, yanayomnufaisha anayetoa. Kwa miongo mingi sheria za Marekani zimetaka sehemu kubwa ya chakula cha msaada kinunuliwe kwa wakulima wa huko na kisafirishwe kwa meli zao. Mashirika mengine yalipewa nafaka hiyo yaiuze katika nchi maskini ili yapate fedha za miradi. Muulizeni mkulima wa mahindi wa Handeni bei yake itakuwaje shehena kama hiyo ikimwagwa sokoni! Mwaka 2007 shirika la misaada la CARE lilitangaza kujitoa katika biashara hiyo, ingawa lilikuwa likipata takribani dola milioni 45 kwa mwaka. Nawaheshimu kwa hilo.

Sisi wadogo hatuna ubavu huo. Mkono mtupu haulambwi, na mnajua mishahara inatoka wapi.

Mei 2016, kwenye mkutano wa dunia wa misaada ya kibinadamu huko Istanbul, Uturuki, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu zitawafikia watendaji wa ndani ya nchi kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Lengo halikufikiwa. Tazameni fomu za maombi mtaona sababu mojawapo: hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, uzoefu wa kusimamia mamilioni, maofisa wa ufuatiliaji na tathmini. Mfadhili anataka taarifa safi ya fedha kila robo mwaka, lakini mshahara wa mhasibu anauita gharama ya uendeshaji na kuukata. Asasi itajengaje uwezo namna hiyo?

Kisha ikaja Januari 2025. Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, likafunga kazi. Waliotegemea mfuko mmoja walijikuta hawana hata nauli ya kwenda kuwaaga walengwa wao.

Kwa hiyo, katika mkataba ujao ombeni mambo mawili: kifungu cha dharura mnachoweza kukitumia bila kusubiri kibali, na sehemu ya haki ya gharama za uendeshaji. Msiende mmoja mmoja, maana asasi moja ni rahisi kuiambia hapana. Rasimu ya barua ya pamoja ipo kwa katibu wa kikao. Isomeni, mrekebishe panapostahili, tuisaini kabla ya masika.