Kikokotoo, Mpira na Mirathi: Ubishi wa Barazani Uandikwe kwa Kalamu

Shikamooni wazee wangu, na akina mama mliokaa upande wa dirisha, habari za asubuhi. Mada tuliyopewa ni mazungumzo ya mstaafu. Hapa Tanga, kuanzia Chumbageni mpaka barabara za namba za Ngamiani, kahawa ikishamiminwa na kashata ikishapita, mambo ni matatu: siasa, mpira na nyumbani. Ubishi haukosekani. Kinachokosekana ni kalamu. Mtu atalalama kwamba kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa pensheni, kimemmaliza; mwombe aandike kimemmaliza kwa shilingi ngapi, atahamia kwenye Simba na Yanga. Basi leo tuandike. Wenye simu wafungue kikokotoo cha kwenye simu, hicho hakina lawama.

Tumchukue mwalimu aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30. Sheria ya sasa haitazami mshahara wa mwisho peke yake. Inachukua wastani wa miaka mitatu iliyokuwa na mishahara mizuri zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho. Mwalimu wetu alikuwa na Sh 900,000 kwa mwezi, akapanda hadi Sh 1,200,000 mwaka mmoja tu kabla ya kuondoka. Wastani wake ni Sh 1,000,000. Waliokuwa wakifukuzia cheo miezi sita kabla ya kustaafu waisikie hiyo: cheo cha jioni kinasogeza wastani kidogo sana.

Milioni moja kwa mwezi ni milioni 12 kwa mwaka. Zidisha kwa miezi 360, gawa kwa 580. Unapata Sh 7,448,276. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka kabla haijakatwa vipande. Asilimia 40 yake unaiuza kwa mfuko, na mfuko unainunua kwa kuizidisha mara 12.5. Huo ndio mkupuo, hela ya mara moja: Sh 37,241,379. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa 12, na kila mwezi unapata Sh 372,414.

Sasa tumweke mwalimu huyohuyo, kwa wastani uleule, kwenye hesabu ya mifuko ya zamani ya watumishi wa umma, PSPF na LAPF: kigawanyo 540, kizidishio 15.5, mkupuo asilimia 50. Pensheni kamili ya mwaka inatoka Sh 8,000,000. Mkupuo Sh 62,000,000. Kila mwezi Sh 333,333.

Tofauti ya mkupuo ni Sh 24,758,621. Hesabu mpya inamrudishia Sh 39,081 zaidi kila mwezi. Gawa ya kwanza kwa ya pili: miezi 633, karibu miaka 53. Aliyestaafu na miaka 60 atafidiwa akifika 113. Inshallah.

Historia yake fupi. Agosti 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kanuni za mwaka ule zilileta mkupuo wa asilimia 25. Kelele zikapanda, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote, na kwa mwalimu wetu hiyo ingekuwa mkupuo wa Sh 30,724,138 na Sh 415,862 kwa mwezi. Kwenye bajeti ya Juni 2024 Waziri wa Fedha akatangaza asilimia 40 kwa waliotoka kwenye mifuko iliyokuwa ikitoa mkupuo wa asilimia 50, na asilimia 35 kwa waliotoka kwenye ile ya asilimia 25.

Hapa ndipo siasa za barazani zinapotea njia. Tangu 2018 mjadala mzima umekuwa wa asilimia: 25, 33, 40, turudishieni 50. Asilimia haipotezi hela yote. Ikipungua kwenye mkupuo, sehemu iliyopungua inarudi kwenye mwezi. Hela inayoondoka na kutorudi iko kwenye namba mbili ambazo hazitajwi: 540 kuwa 580, na 15.5 kuwa 12.5. Ya kwanza inakata karibu asilimia 7 ya kila kitu, mkupuo na mwezi. Ya pili inakata zaidi ya asilimia 19 ya mkupuo, basi.

Jaribu kuirudisha ile 50 leo bila kugusa namba hizo mbili. Mkupuo unakuwa Sh 46,551,724, bado pungufu kwa zaidi ya milioni 15 ukilinganisha na zamani. Na mwezi unashuka hadi Sh 310,345, chini hata ya ule wa zamani. Yaani tutashinda ubishi, tutashangilia, na tutakuwa tumepunguziwa hela ya kila mwezi. Mbunge akija na ahadi ya "asilimia 50", muulizeni: kwa kigawanyo gani, na kwa kizidishio gani? Asipojua, mpeni karatasi.

Na tuwe wa haki. Mifuko haikuyumba kwa uchawi. PSPF ilikuwa ikilipa pensheni kamili watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999, wakati kwa miaka hiyo hawakuwa wamechangia. Deni lilikuwa la Serikali na lilikaa muda mrefu bila kulipwa. Anayedai hesabu ya zamani irudi ana haki ya kudai, ila aseme na hela itoke wapi. Kuna watumishi vijana wanaochangia leo, na wengi wao ni watoto wetu.

Wakati wa kusema ni kabla ya Juni. Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Barua ya wastaafu ikifika Mei imekuta kikao cha kamati; ikifika Agosti imekuta mafaili yamefungwa. Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja wenye mfano mmoja wa hesabu kama huu wa mwalimu. Malalamiko ya kurasa sita hayasomwi na mtu.

Kwa ambao bado hawajaondoka kazini, tatizo kubwa kuliko kikokotoo ni miezi inayopotea. Mwajiri akichelewa kupeleka michango ya miezi 24, mfuko utahesabu 336 badala ya 360. Mwalimu wetu anapoteza Sh 2,482,759 kwenye mkupuo na Sh 24,828 kila mwezi mpaka mwisho wa uhai. Chukua taarifa ya michango mapema, miaka miwili kabla si mingi, iweke sambamba na hati za mshahara, mwezi kwa mwezi. Hati za mshahara msifungie vitumbua. La pili ni majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanahamisi, barua ya ajira inasema Mwanakhamis, benki imeandika M. Khamis, faili litasimama hapo. Dawa yake ni hati ya kiapo, ifanyike mapema. Faili liwe na barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na ya cheo cha mwisho. Hiyo ya kuthibitishwa ndiyo huwa haipatikani.

Tupumzike kidogo kwa mpira, maana naona wa jezi za Coastal Union, timu yetu ya Tanga, wameanza kukohoa.

Kuna ubishi hauishi: timu ya taifa ya 1980 na za sasa, ipi zaidi? Fungua hesabu ya fainali tatu za mwanzo tulizocheza za Afrika. Lagos 1980: tulifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Misri 2019: tulifungwa 2-0 na Senegal, 3-2 na Kenya, 3-0 na Algeria. Ivory Coast, fainali za 2023 zilizochezwa Januari 2024: tulifungwa 3-0 na Morocco, tukatoka 1-1 na Zambia na 0-0 na Kongo. Kijana atasema ya 2024 ilipata sare mbili, ya 1980 moja. Kweli. Mzee atajibu kwamba ya 1980 ilifunga bao katika kila mechi, na ya 2024 ilifunga bao moja katika mechi zote tatu. Kweli pia. Ila kuna namba ambayo wote wawili huisahau: 1980 fainali zilikuwa na timu 8, 2024 zilikuwa 24. Kuingia kwenye nane bora za bara zima ni kazi nyingine kabisa. Kwa hilo mzee ana haki.

Yanga na USM Alger ya Algeria, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, ni hivyohivyo. Yanga walifungwa Dar 2-1, wakashinda Algiers 1-0, jumla 2-2. "Hatukufungwa," wanasema wa Jangwani. Kwa jumla hawakufungwa. Kombe liliondoka kwa sababu jumla ikilingana, mabao ya ugenini ndiyo yaliyoamua: Waarabu walifunga mawili ugenini, Yanga wakafunga moja. Kosa lilifanyika Dar. Mechi ya Algiers Yanga walishinda, isilaumiwe. Na sisi Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, ubingwa wa ligi wa 1988 ni wetu, tuuheshimu, lakini kijana aliyezaliwa mwaka ule sasa naye ana watoto. Nafasi ya nne ya msimu wa 2023/24 inazungumzika zaidi.

Turudi nyumbani, kwenye ile milioni 37.

Mkupuo ukiingia, habari inafika Muheza na Pangani kabla hujatoka benki. Kila mtoto ana mradi. Siwalaumu watoto, wanaona namba moja kubwa, hawaoni kwamba ni sehemu ya pensheni iliyouzwa mapema. Waonyesheni. Milioni 37 ikigawanywa kwa miezi 240, yaani miaka 20, ni Sh 155,172 kwa mwezi. Ukimpa mmoja milioni tano za bodaboda mbili, umempa miezi 32 ya nyongeza yako. Ukiamua kumpa, mpe kwa kujua hivyo.

Nyumba ndiyo inayokula wengi. Hesabu hufanywa kwa tofali na saruji, boma likasimama vizuri, lenta ikafungwa, hela ikaishia hapo. Kupaua hakukuwemo: mbao, bati, misumari, fundi, halafu milango, nyaya, shimo la choo. Boma lisilopauliwa likikaa misimu miwili ya mvua za masika, tofali za juu zinaanza kumomonyoka, hasa kama fundi alitoa tofali 45 kwa mfuko mmoja wa saruji badala ya 30 na kitu. Ni heri vyumba viwili vilivyopauliwa kuliko vinne vinavyotazama mbingu. Na wa Raskazone, karibu na bahari, bati la geji 30 linaliwa na chumvi; chukueni geji 28, ndiyo nene.

Halafu kuna wale wakopeshaji wa kausha damu. Anachukua kadi yako ya benki na namba ya siri, kila tarehe ya pensheni anatoa yeye kwanza. Ukishampa kadi umeshamwajiri awe mhasibu wako. Mkopo wa benki nao si sadaka: makato ya Sh 150,000 yanaacha Sh 222,414 kwenye pensheni ya mwalimu wetu, kila mwezi, miaka yote ya mkopo.

Kuuza nyumba ya familia kunahitaji ridhaa ya mwenzi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hivyo hata kama hati ina jina lako peke yako. Mnunuzi mwenye akili ataidai ridhaa hiyo kwa maandishi.

Mirathi. Kwa Waislamu mgawanyo unajulikana, lakini watu huukisia. Marehemu kaacha milioni 24 baada ya madeni na mazishi, mke mmoja, mama mzazi, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke thumuni, yaani moja ya nane, milioni 3. Mama sudusi, yaani moja ya sita, milioni 4. Inabaki 17, mafungu matano: kila mwana wa kiume Sh 6,800,000, binti Sh 3,400,000. Wasia hauzidi thuluthi, na haumwendei mrithi bila wenzake kuridhia. Anayetaka binti yake apate zaidi ampe akiwa hai, kwa makabidhiano ya kweli. Kusema "kile chumba ni chako" huku kodi unapokea wewe si kutoa.

Watoto wakafungue shauri Mahakama ya Mwanzo wakiwa na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya serikali ya mtaa. Muhtasari usainiwe na wote waliohudhuria, wanawake wakiwemo. Pingamizi nyingi huanzia kwa dada ambaye hakuitwa. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni, kisha hesabu ya ugawaji. Yeye ni mbeba funguo tu. Akianza kupangisha nyumba na kula kodi, mrithi yeyote anaweza kuomba mahakama imwondoe, na hahitaji wakili kwa hilo.

Karatasi za mfano wa mwalimu ziko mezani, zina nafasi wazi za kuweka miezi na mshahara wako. Maswali yaanzie kwa akina mama.