Tarehe ya UTC katika kanzidata

Tuchukue saa sita na nusu usiku Dar es Salaam, kuamkia tarehe 12 Machi 2025. Ukiiuliza kanzidata ya PostgreSQL `CURRENT_DATE` (tarehe ya leo), na sesheni yako, yaani muunganisho wako nayo, iko `Africa/Dar_es_Salaam`, itakujibu 2025-03-12. Kwa UTC, saa za marejeo za dunia zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, bado ni tarehe 11. Kwetu tofauti hiyo inajirudia kila usiku, kuanzia saa sita hadi saa tisa, na kazi nyingi za kufunga hesabu hupangwa muda huohuo.

`CURRENT_DATE` haijakosea, inafuata saa za sesheni. Basi ukitaka tarehe ya UTC, shika kwanza wakati wenyewe, uuhamishie UTC, ndipo ukate tarehe:

`SELECT (now() AT TIME ZONE 'UTC')::date;`

Sasa angalia mtego. Mtu anaweka `LOCALTIMESTAMP` mahali pa `now()`. Hiyo haibebi ukanda wa saa, kwa hiyo `AT TIME ZONE` inageuka kazi: inaichukua saa ya ukutani kana kwamba tayari ni UTC, kisha `::date` inairudisha kwenye sesheni na kuiongezea saa tatu. Ikifika saa tatu na nusu usiku unapewa tarehe ya kesho. Mchana jibu ni sahihi, ndiyo maana majaribio ya ofisini hayalioni kosa hili.

Wala usiandike `'UTC+3'` ukidhani ni saa zetu. PostgreSQL huisoma kwa kanuni ya POSIX (viwango vya mifumo ya aina ya Unix), ambako alama ya kujumlisha ni magharibi ya Greenwich. Utakuwa saa sita nyuma ya Nairobi. Andika `Africa/Nairobi`, yaishe.

Kwenye kanzidata nyingine: MySQL ni `UTC_DATE()` tu. Ukiitaka iwe thamani ya msingi ya safu, izungushie mabano, `DEFAULT (UTC_DATE())`, kuanzia toleo 8.0.13. SQL Server: `CAST(SYSUTCDATETIME() AS date)`. Oracle: `TRUNC(SYS_EXTRACT_UTC(SYSTIMESTAMP))`. SQLite, `date('now')` ni UTC tangu mwanzo.

Jambo moja la PostgreSQL: `now()` husimama pale muamala (kundi la amri zinazotekelezwa kama moja) ulipoanza. Muamala mrefu unaovuka saa tisa usiku utabaki na tarehe ya zamani; ukitaka ya papo hapo, tumia `clock_timestamp()`.

Kupima, usikeshe. Weka sesheni `Pacific/Kiritimati`, endesha amri yako, kisha weka `Pacific/Pago_Pago`, uiendeshe tena. Kati yao kuna saa 25, hivyo `CURRENT_DATE` lazima itofautiane saa yoyote ile. Jibu la amri yako likibadilika pia, bado inasoma sesheni.