Kabla Fundi Rangi Hajaingia

Asante mwenyekiti. Nimepewa dakika 20, na naona katibu keshaweka saa mezani. Ananijua.

Kwanza tuelewane. Nikisema wiki, sisemi Jumatatu hadi Jumapili; nasema tovuti ya pamoja ambayo wafanyakazi wenyewe huandika na kurekebisha wanachojua kuhusu kazi. Bosi mmoja nilimwambia, “Tuanzishe wiki ya idara.” Akauliza, “Ya mazingira au ya usalama kazini?” Akataka na fulana zichapishwe. Hapana. Neno hili limetoka Hawaii. Kwenye uwanja wa ndege wa Honolulu kulikuwa na basi linaloitwa Wiki Wiki, yaani haraka haraka. Ward Cunningham, mtaalamu wa programu wa Marekani, aliliazima jina hilo mwaka 1995 kwa tovuti yake, ambayo msomaji yeyote aliweza kurekebisha ukurasa papo hapo. Najua mmeshaanza kunong'ona kwamba haraka haraka haina baraka. Subirini, baraka inakuja.

Sasa habari ya ukuta. Waliowahi kuisikia wavumilie.

Nilipoanza kazi nilipangwa kwenye chumba cha pampu. Ukuta wa kushoto ulikuwa umejaa maandishi ya chaki, mkaa, hata misumari. Mzee mmoja, fundi mkuu wetu, aliandika: “Pampu namba 2, toa hewa kwanza ndipo uwashe.” Chini yake, mwandiko mwingine: “Wakati wa masika hiyo haitoshi. Safisha chujio kwanza.” Chini tena, mwandiko wa tatu, mbaya kweli: “Chujio lina bolti 6. Ya juu kulia inafunguka kinyume.” Watu watatu hao, na sidhani kama waliwahi kukaa kikao kimoja. Mimi nilijifunza kazi kwa kuusoma ukuta ule nikiwa na sufuria ya chai mkononi.

Mzee akastaafu. Tukamnunulia kitenge cha mama na saa ya ukutani. Mwaka uliofuata tukaambiwa kuna wageni wakubwa wanakuja, usafi ufanyike. Chumba kikapakwa rangi ya krimu, kikapendeza kama sebule. Wageni hawakufika.

Masika yakaja. Pampu namba 2 ikagoma. Kijana wa zamu akalifuata chujio, akafungua bolti 5, ya sita akaikaza kwa nguvu zake zote akidhani anafungua, ikakatika. Mji ukakaa siku mbili bila maji. Tukampigia mzee simu kijijini kwake. Akacheka. “Someni ukutani, wanangu.” Tukamwambia, mzee, ukuta umepakwa rangi. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

Ule ukuta ndio wiki. Ulikuwa pale pale penye kazi, si kabatini kwa katibu muhtasi. Hakuna aliyeomba kibali cha kuandika. Na yule wa pili hakumwandikia mzee barua ya kumkosoa. Alimwongezea chini yake, na mzee hakununa. Kilichokosekana ni kimoja tu. Wiki ya kwenye kompyuta hutunza kila nakala ya ukurasa: nani kabadili, lini, neno gani. Mtu akivuruga, mwenzake anabofya, ukurasa unarudi ulivyokuwa jana. Hiyo ndiyo baraka ya ile haraka. Rangi haishiki.

Kuna mtu pale nyuma anataka kusema “siri za shirika”. Ndugu yangu, mwaka 2006 mashirika ya ujasusi ya Marekani yalitangaza wiki yao, Intellipedia. Ujasusi! Ilijengwa kwa MediaWiki, programu ile ile ya Wikipedia, ambayo ni ya bure, ikawekwa kwenye mitandao yao ya ndani kwa ngazi za usiri. Na kila badiliko lina jina la aliyelifanya. Majasusi wameweza kuandikiana, sisi tunafichana jinsi ya kubadilisha beringi.

Mwingine atasema tuna grupu la WhatsApp. Sawa. Swali la chujio limeulizwa humo mara ngapi? Jibu lipo, limelala chini ya salamu za Ijumaa, michango ya harusi na picha ya mbuzi.

Kinachoua wiki ni saini. Ofisi moja niliyoishauri ilitaka kila ukurasa upitishwe na mameneja watatu. Baada ya miezi sita walikuwa na ukurasa mmoja. Uliandikwa “Karibu”, na picha ya mkurugenzi.

Lipo la woga pia: nikiandika ninachojua, mtanihitaji kwa nini? Woga huo siubezi. Nimeona watu wakinyonywa ujuzi kisha wanaonyeshwa mlango. Basi wakubwa, aliyeandika na aonekane kwenye tathmini ya mwaka, mwezi wa kupanda vyeo jina lake litajwe. Msitake maarifa ya bure halafu mshangae watu wako kimya.

Katibu anasimama. Haraka haraka basi: andikeni Kiswahili, bomba likipasuka sijamsikia fundi anayepiga kelele kwa Kiingereza. Wekeni mtu wa kupalilia kurasa zilizochakaa. La simu za mkononi nililiandaa, naliacha.

Na wale wenye vyumba vya pampu, majenereta, karakana: mkirudi kesho asubuhi, pigeni picha kuta zenu. Zote, hata nyuma ya mlango.