Kumeza na Kumezwa: Kinga ya Asili Mbele ya Vimelea

Mabibi na mabwana, nianze na mwiba. Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanasayansi Élie Metchnikoff alichukua watoto wachanga wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambao miili yao hupitisha mwanga kama kioo, akawachoma miiba ya waridi. Asubuhi yake akaona kwenye hadubini chembechembe zimejazana kuuzunguka mwiba. Kiti cha pweza hakina kingamwili, protini za kumnasa adui, kama zetu, na hakuna aliyekifundisha adui ni nani, lakini chembe zake zilijua pa kwenda. Metchnikoff akashikilia kwamba mwili hujilinda kwa kumeza, na mwaka 1908 akagawana Tuzo ya Nobel na Paul Ehrlich.

Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha kumeza. Mimi huwa najiuliza: mbona mwiba wenyewe haukumezwa? Haukumezeka. Chembe ziliuzingira zikabaki pale. Na kinga ya asili, hii tuliyozaliwa nayo, inayoanza kazi ndani ya dakika bila kungoja siku kadhaa hadi kingamwili zitengenezwe, hukutana na mwiba wa namna hiyo kila inapovamiwa na mnyoo.

Tuchukue askarisi, mnyoo mkubwa wa tumbo. Jike lake huweza kufika sentimita 30. Sasa igawe milimita moja vipande 1,000, chukua 15: huo ndio upana wa chembe nyeupe ya damu inayotumwa kupambana naye. Kwa urefu, mnyoo anaizidi mara 20,000. Hapo huwezi kuzungumzia kumeza.

Kuna chembe ziitwazo eosinofili, ambazo Ehrlich huyohuyo alizitambua mwaka 1879 kwa jinsi zinavyokolea rangi ya eosini. Hazimmezi mnyoo, humganda ngozini na kummwagia sumu zilizomo katika punje zao. Maabarani zimeonekana zikiua wachanga wa minyoo ya kichocho kwa njia hiyo. Ila nawaomba msizipambe kupita kiasi, kwa sababu panya waliozalishwa bila eosinofili wameambukizwa kichocho, na ugonjwa ukaenda karibu vilevile.

Kazi nzito hufanywa na ukuta wa utumbo wenyewe. Humo mna seli chache zenye kishungi kama cha brashi, zilizokuwa zikionekana kwenye hadubini kwa miongo mingi bila mtu kujua zinafanya nini. Mwaka 2016 jibu lilipatikana: ni walinzi wa mlangoni. Zikimhisi mnyoo hutoa kemikali ya kuziamsha limfosaiti za asili, chembe nyeupe za kinga hii tuliyozaliwa nayo, zilizo jirani, nazo hujibu kwa kemikali nyingine. Seli za ute huongezeka, ute humiminika, misuli ya utumbo hubana kwa nguvu, na seli za kishungi zenyewe huzaana. Mnyoo hapigwi; anateleza, anasukumwa, anatolewa nje.

Vimelea vya seli moja vinamezeka, na hapo ndipo balaa lingine linapoanza. Kimojawapo, Leishmania, huingizwa ngozini na nzi mdogo anayefyonza damu. Jeraha likitokea tu, neutrofili, chembe nyeupe za damu, huwasili kwa wingi na kukimeza kimelea. Baadhi ya vimelea havifi. Baadaye makrofeji, walaji wakubwa wa mwili, huvipokea na kuvitia katika kifuko chenye asidi, jiko la kuyeyushia adui. Leishmania hubadili umbo humohumo jikoni na kuanza kuzaliana. Alikuwa anatafuta kumezwa!

Nimeacha mwisho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1902 Alphonse Laveran, aliyegundua kimelea cha malaria, alionyesha kwamba majimaji ya damu ya binadamu huua tripanosoma, vimelea vya jamii ya vile vya malale. Ndiyo maana aina moja inayowaambukiza ng'ombe haitushiki sisi. Siri ni protini iitwayo APOL1, inayosafiri katika chembe za mafuta za damuni. Tripanosoma huzimeza chembe hizo akitafuta chakula, kwa hiyo safari hii mmezaji ni yeye. Protini ikishafika ndani yake hutoboa matundu, naye huvimba mpaka afe.

Aina mbili zimepata njia ya kuikwepa sumu hiyo, ndiyo maana malale ya binadamu, yanayoenezwa na mbung'o, yapo. Mwaka 2010 watafiti walieleza matoleo mawili ya APOL1, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, ambayo maabarani yaliweza kuiua mojawapo ya aina hizo mbili. Lakini aliyerithi matoleo hayo kutoka kwa baba na mama pia yuko katika hatari kubwa zaidi ya figo zake kushindwa kazi. Figo hizo hazijawahi kuumwa na mbung'o.